Safari Zisizoingia Daftarini

Kila rubani ana daftari lake la safari. Ndani yake huandika tarehe, aina ya ndege, uwanja alikotoka na uwanja alikotua, saa alizoruka mchana, saa alizoruka usiku, saa alizokuwa na mkufunzi na saa alizokuwa peke yake. Mwisho wa ukurasa saa hizo hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayomtambulisha kwa yeyote atakayetaka kumwajiri: huyu ana saa mia mbili, yule ana saa elfu tatu. Mwaka unapokwisha, daftari hugeuka kuwa hakimu. Rubani huitoa orodha ya malengo aliyojiwekea Januari, huitazama jumla, na papo hapo hujua kama mwaka ulikwenda vizuri au vibaya.

Lakini daftari hilo halina safu ya safari ambayo rubani alikataa kuifanya. Aliyekaa chini siku nzima kwa sababu ya ukungu hana cha kuandika. Aliyegeuza ndege njiani ataandika dakika alizoruka, bila kueleza kwa nini jina la uwanja alikotua ni lile lile la uwanja alikotoka. Swali ninalotaka kulichunguza katika insha hii linatoka hapo: je, jambo ambalo mtu hakulifanya, kwa sababu njema, laweza kuhesabiwa miongoni mwa aliyoyatimiza? Na kama laweza, ni nani mwenye haki ya kulihesabu: yeye mwenyewe, au wale waliomtuma?

Mfano wangu ni mtoto wa baba yangu mkubwa, ambaye sisi kwetu Ajia hatumwiti binamu, tunamwita kaka. Anasomea urubani Soroti, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na ambacho kilibaki Uganda jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977. Masomo haya ni ghali mno kwa familia ya wakulima. Ndege inakunywa mafuta kila dakika, na kila saa moja angani ina bei yake. Ukoo uliketi ukachanga. Kuna aliyeuza ng'ombe, kuna aliyetoa fedha za tumbaku, kuna shangazi aliyeleta akiba yake ya biashara ya samaki wakavu ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge. Kwa hiyo malengo ya kaka hayakuwa yake peke yake. Alipoyaandika Januari mwaka jana, aliyasoma mbele ya wazee, nao wakayaitikia.

Yalikuwa matano. Kumaliza mitihani yote ya nadharia. Kufikisha saa 150. Kuruka usiku peke yake. Kufanya ile safari ndefu ya peke yake ambayo kanuni za kimataifa zinamdai mtu anayetaka leseni ya rubani wa biashara, safari isiyopungua kilomita 540 na yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Na la tano, ambalo wazee walilipigia makofi hata kabla hajamaliza kulisoma: kutua Arua. Malengo mawili ya mwisho aliyaunganisha kuwa safari moja ya pembetatu, Soroti hadi Gulu, Gulu hadi Arua, Arua kurudi Soroti. Ukiipima kwenye ramani inazidi kilomita 600.

Mgeni anaweza kudhani makofi yale yalikuwa ya majivuno tu. Si kweli. Katika West Nile uwanja wa ndege si mapambo. Miaka ya vita vya Kony, barabara ya Karuma hadi Pakwach ilikuwa ya kuviziwa. Watu walisafiri kwa misafara yenye askari, na wengine hawakufika. Mwenye uwezo alipanda ndege Arua. Asiye na uwezo alisimama kwenye uzio akaitazama ikipaa kutoka kwenye njia ile ya udongo mwekundu, kisha akaenda kupanda basi. Wazee wetu wengi ni wa kundi hili la pili. Kijana wao akitua pale na ndege aliyoiendesha mwenyewe, wao pia watakuwa wametua.

Safari ilipangwa siku moja ya Agosti, mwezi ambao kwetu mvua huwa nzito. Alitua Gulu salama kwenye njia ile ndefu ya lami, akaongeza mafuta, akapaa kuelekea magharibi. Alipofika juu ya Mto Nile, akiwa amekwisha kupita nusu ya njia ya kwenda Arua, aliona ng'ambo ya mto ukuta wa mawingu meusi ambao kichwa chake kilikuwa kimetandaa kama jembe, na chini yake mvua imeshuka mpaka ardhini. Yeye wakati huo aliruhusiwa kuruka kwa kuona tu, maana yake kwa kuitazama ardhi kwa macho yake, si kwa kutegemea vyombo ndani ya mawingu. Akageuza ndege. Alilala Gulu, na kesho yake akarudi Soroti. Safari haikuhesabika kwa leseni, kwa kuwa kiwanja cha pili hakukitia mguu. Fedha za mafuta zilikuwa zimekwisha kuungua.

Sasa sikilizeni sehemu ngumu. Arua kwenyewe halikudondoka hata tone siku ile. Dhoruba ilifuata mto ikaenda zake. Mama yake, wazee na watoto waliokatazwa kwenda shule kwa ajili ya shughuli hiyo walisimama kwenye uzio juani, na saa kumi alasiri wakaona ndege ya abiria kutoka Entebbe ikitua bila taabu. Jioni baba yetu mdogo alimpigia simu.

"Mwanangu, ndege imetua hapa. Tumeiona kwa macho yetu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Baba, niliona mawingu mbele yangu."

"Na mwenzako hakuyaona?"

Mwaka ulipokwisha bila nafasi nyingine kupatikana, daftari lilisomeka hivi: mitihani imekwisha, usiku amekwisha kuruka, saa ni 131 badala ya 150, safari ndefu hakuna, Arua hakuna. Katika kikao cha ukoo cha Desemba, baba mdogo alisimama na kusema neno ambalo bado linanisumbua. Alisema kwamba hakuchanga fedha ili kijana aone mawingu. Mawingu hata yeye anayaona bure kutoka shambani.

Wapo kati yetu waliocheka, nami nilikuwa mmoja wao, maana baba mdogo anajua kusema. Lakini hoja yake si ya kuchekea, na mwanafunzi wa falsafa asiipite kwa kusema tu kwamba mzee hajui mambo ya ndege. Imebeba madai mawili yanayofaa kutenganishwa. La kwanza ni kwamba kijana aliogopa. La pili ni kwamba hata kama hakuogopa, anadaiwa.

Nianze na woga. Wahenga wametuachia methali isemayo: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wengi huitumia kumtetea mtu kama kaka. Mimi naona haimtetei vya kutosha. Methali hiyo inampa mwoga uhai, lakini inamwachia jina lake la woga. Inasema amechagua kitu cha thamani ndogo kikamlipa vizuri. Kumbe kaka alipogeuza ndege alikuwa anafanya jambo gumu kuliko kuendelea. Kuendelea kulikuwa na makofi mbele yake, mama yake kwenye uzio, leseni, na kilomita chache tu zilizobaki. Kurudi kulikuwa na simu ya baba mdogo. Kama ushujaa ni kutenda linalostahili huku ukijua utakachopoteza, basi siku ile shujaa ni yule aliyerudi, na methali inabidi isomwe kwa uangalifu zaidi kuliko tunavyoisoma.

Hata hivyo ile ndege ya abiria ilitua. Hapo ndipo watu wengi wanapomhukumu, na hapo ndipo pana swali la kifalsafa hasa. Naomba nitoke kidogo Arua niende Kameruni, kwa sababu kuna usiku mmoja unaolionyesha swali hili kwa uwazi wa kutisha.

Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya usiku wa manane, uwanja wa Douala ulikuwa chini ya dhoruba ya radi. Ndege tatu zilikuwa zikisubiri kuondoka. Marubani wa ndege mbili, moja ya Cameroon Airlines na nyingine ya Royal Air Maroc, waliamua kungoja hali itulie. Ya tatu, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari nambari 507 ya kwenda Nairobi, ilikuwa imechelewa zaidi ya saa moja. Hiyo ikapaa, na ilipaa kabla ya kupewa ruhusa ya mnara. Haikuchukua dakika mbili angani. Iliangukia kwenye kinamasi karibu na jiji, na watu wote 114 waliokuwemo wakafa. Tusiseme kwamba mvua ndiyo iliyowaua: uchunguzi ulionyesha kuwa ndege iliinamia upande mmoja gizani bila marubani kutambua mapema, wakapoteza mwelekeo, na uelewano kati yao wawili ulikuwa hafifu. Huenda usiku mwingine, kwa dhoruba ile ile, wangefika Nairobi wakanywa chai.

Nani anawakumbuka marubani wa ndege zile mbili zilizongoja? Majina yao hayatajwi popote ninapojua. Katika madaftari yao usiku ule ni mstari mmoja wa kawaida, safari iliyochelewa kuondoka. Wala wao wenyewe hawawezi kuthibitisha kwamba kungoja kuliwaokoa, kwa sababu pengine nao wangepaa salama. Na sasa fikiria kwamba ile ya tatu nayo ingefika salama. Abiria wa zile mbili wangelalamika asubuhi: wenzetu wameondoka, sisi tumelazwa kwenye viti. Uamuzi wa kungoja ungekuwa ule ule, wa watu wale wale, kwa sababu zile zile, lakini ungeitwa uzembe.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika kuhusu jambo hili wakaliita bahati ya kimaadili. Tunasema kwamba mtu ahukumiwe kwa yale yaliyo mikononi mwake, lakini katika matendo tunamhukumu kwa yaliyotokea baadaye, ambayo mengi yamo mikononi mwa upepo. Dereva mlevi aliyefika nyumbani tunamkaripia. Dereva mlevi aliyekutana na mtoto barabarani tunamfunga. Walichotofautiana ni mtoto kuwepo au kutokuwepo. Nagel hakuona njia rahisi ya kutoka katika mkanganyiko huu, nami sidai kwamba nimeiona. Nachodai ni kidogo zaidi: unapopanga malengo ya mwaka mzima, una nafasi ambayo hakimu wa mahakama hana. Unaweza kuyaandika malengo yenyewe kwa namna ambayo bahati haitakuwa na kura kubwa.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Lengo linatoka katika kulenga. Anayelenga ni mpiga mshale, na babu zetu wa Kilugbara walikuwa watu wa upinde. Wanafalsafa wa Kistoa nao walipenda mfano huo huo: kazi ya mpiga mshale ni kusimama vizuri, kuvuta vizuri, kutazama vizuri na kuachia kwa wakati. Mshale ukishaondoka, upepo unaweza kuusukuma na mnyama anaweza kuruka. Kulenga ni kwake. Kupata si kwake peke yake. Lakini sisi tumelichukua neno lengo tukalihamisha kutoka kwenye mkono wa mpigaji mpaka kwenye mwili wa mnyama. "Lengo langu ni saa 150." Hilo silo lengo kwa maana ya asili ya neno, hilo ni windo.

Kuna atakayesema kwamba mazungumzo haya yote ya malengo ya mwaka ni ya kuazima. John Mbiti, aliyefundisha Makerere, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ni Sasa na Zamani, maneno aliyoyachukua katika Kiswahili hiki hiki, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Sikubaliani naye. Mtu anayepanda muhogo Ajia anajua kwamba atakaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kuung'oa. Lakini hebu mtazame anavyolenga. Hasemi "mwaka huu nitavuna magunia kumi." Anasema atalima sehemu ile, atapalilia mara mbili, atazuia mbuzi. Mvua haimo katika ahadi zake.

Narudi kwa kaka. Baada ya kikao kile cha Desemba aliniruhusu nilitazame daftari lake la kawaida, si lile la safari, lile la mazoezi alimoandika malengo ya Januari. Ukurasa wa malengo ulikuwa na mgongo wake. Nyuma ya karatasi ile ile, kwa wino ule ule, alikuwa ameandika mipaka yake: nisipoweza kuona kilomita nane mbele, narudi, nikiona mvua ya radi katika njia yangu, siipiti chini wala pembeni kwa kubahatisha, narudi, nikiwa sijalala vizuri, sipai, nikiwa na mtu anayenisubiri, nitayasoma haya tena kabla ya kuwasha injini. Kanuni zenyewe kwa kawaida zinatosheka na kilomita tano. Yeye alijiongezea tatu kwa kuwa bado ni mwanafunzi.

Ukurasa huo wa pili ulinionyesha mambo mawili. Kwanza, unajibu hofu ambayo ni ya haki kabisa, kwamba mtu anaweza kuvaa busara kama kanzu ya kufunikia uvivu. Maana kukataa nako kuna ulevi wake. Yupo atakayeona wingu la ukubwa wa kitambaa akasema hali si nzuri, akarudi kulala, na mwisho wa mwaka akaiita hofu yake tahadhari. Tutamtofautishaje na kaka? Si kwa kutazama kama mvua ilinyesha au haikunyesha. Ni kwa kuuliza kama mpaka uliandikwa kabla, ukiwa ardhini, akili ikiwa imetulia, na kama ulifuatwa kama ulivyoandikwa, bila kusogezwa mbele siku ya makofi wala kusogezwa nyuma siku ya uchovu. Kwa kipimo hicho kaka alitimiza Agosti jambo aliloliahidi Januari. Ile ndege ya abiria haihusiki: ilikuwa na marubani wawili, ina rada ya kuonyesha mawingu, ina ruhusa ya kuruka kwa vyombo, na ilikuja kutoka kusini, upande mwingine kabisa. Haikuwa na jambo la kumfundisha.

Jambo la pili halimpendezi, na nimemwambia. Wazee walisomewa upande mmoja tu wa karatasi. Walichangia saa, safari na kutua Arua, kwa sababu hayo ndiyo waliyosikia. Hakuna aliyewaambia kwamba sehemu ya fedha zao italipia mafuta ya kwenda mpaka Nile na kurudi bila kitu. Dai la pili la baba mdogo, lile la deni, kwangu lina uzito. Mtu anayebebwa na mchango wa watu hana haki ya kuwa na dhamiri ya siri. Siwezi kukubali kwamba deni hilo lingemlazimu kupita katika dhoruba. Hakuna anayeweza kumchangia mtu fedha kisha akamdai uhai, na baba mdogo mwenyewe, ukimuuliza hivyo waziwazi, anakataa kwa ukali. Lakini lilimlazimu kuwaeleza mapema wanachonunua. Kama ukurasa wa pili ungesomwa Januari, ile simu ya jioni ingekuwa na swali jingine: uliona kilomita ngapi?

Sisi tunaoandika insha badala ya kuendesha ndege tuna daftari letu pia. Wazazi wetu wanajua idadi ya masomo tuliyofaulu na mwaka wa kuhitimu. Hawajui siku mwanafunzi alipokataa kununua tasnifu iliyoandikwa na mwingine, akachelewa muhula mzima, na wenzake wakahitimu kwa kofia na picha. Nyumbani huyo anaitwa aliyechelewa. Sijui wazazi wangapi wamewahi kusomewa ukurasa wa pili. Wakufunzi wetu nao, wanapotuomba mwanzoni mwa mwaka tuandike malengo, hutuachia nafasi ya idadi na tarehe tu.

Januari hii kaka alirudi mbele ya wazee na karatasi mpya. Safari hii alisoma pande zote mbili, na alianza na ule wa nyuma. Chini ya daftari lake la safari, mahali ambapo kuna nafasi ya maelezo, ameanza kuandika maneno machache kila anapogeuza au anapoahirisha: mawingu, upepo wa ubavuni, usingizi. Mkufunzi hazitii sahihi, kwa kuwa hazina saa ndani yake. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshikilia fimbo yake, akauliza kama kilomita nane ni kama kutoka Ajia kwenda wapi. Walibishana kidogo kuhusu hilo na mzee mwingine. Kisha akatoa mchango wake wa mwaka huu, akasema kwamba bado anataka kuiona ndege hiyo Arua.